Kadi Imefika

Jacklyne Ayuma alijua kuweka kadi ya grafiki kwenye kompyuta kuliko alivyojua kusonga ugali, na ugali wake haujawahi kulalamikiwa. Kompyuta yake ya kuchezea michezo aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, sebuleni kwake Kileleshwa, amepiga magoti kwenye zulia na skrubu zote kaziweka ndani ya kifuniko cha mkebe wa kakao. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwonea huruma. Kadi ya zamani, ile inayoichorea skrini picha zake, ilipoanza kutapika mistari ya zambarau na hatimaye kukata roho katikati ya mchezo, Jacklyne hakuhitaji fundi. Alihitaji kisingizio, na Mungu si Athumani, kisingizio kikaja chenyewe.

Kulikuwa na kijana anayeitwa Navneet. Alikuwa mpima macho katika duka la miwani la mjomba wake, katikati ya mji, juu ya duka la mikate. Jacklyne alikwenda pale kwa sababu macho yalimwasha baada ya kucheza sana. Alikalishwa kwenye kiti kirefu, taa zikapunguzwa, na sauti ikamwambia taratibu, "Soma mstari wa chini." Hakuweza. Si kwamba macho yake yalikuwa mabovu kiasi hicho. Mwenye sauti alikuwa ameinama karibu mno, ananukia sabuni na iliki, kilemba chake cha samawati kimefungwa kwa unadhifu wa mtu anayependa kazi ya mikono yake, na zile herufi zote zikageuka sisimizi. Jacklyne alitoka na miwani kali kuliko aliyohitaji. Akarudi kuibadilisha. Akarudi kukazwa skrubu ya mkono wa miwani. Akarudi tena kuuliza, kwa uso mkavu, kama miwani inaoshwa kwa maji.

Kila akirudi, walizungumza michezo mpaka mteja mwingine akakohoa. "Mimi pia nacheza," Navneet alikuwa amemwambia, macho yakimng'aa. Basi kadi ilipokufa, Jacklyne alipanda zile ngazi akiwa na sura ya mfiwa.

"Na sijui hata naanzia wapi," alisema, na ulimi haukumteleza hata kidogo. "Mambo ya kompyuta hunishinda kabisa."

Navneet alisita kidogo, akajikohoza. "Hiyo ni kitu rahisi sana. Wewe nunua kadi tu. Jumamosi nitakuja nikuwekee."

Jacklyne alishuka ngazi bila kuzikanyaga, au ndivyo alivyohisi. Alipofika chini ndipo swali lilipomkamata, na likakataa kumwachia wiki nzima: huyu anakuja kwa ajili ya kadi, au anakuja kwa ajili yangu? Maana watu wema wapo Nairobi, usidanganywe. Wapo wanaomsaidia mtu bila kutaka kitu. Jacklyne alimwomba Mungu, kwa dhati kabisa, Navneet asiwe mmoja wao.

Ijumaa jioni akaichukua kadi mpya dukani, akaipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga mpaka nyumbani. Furaha ilimpanda kichwani. Ndipo akakumbuka kwamba mama yake, Selpher, fundi cherehani wa Dagoretti Corner, alikuwa ameahidi kupita Jumamosi kuleta mapazia. Haiwezekani! Akashika simu, akarekodi ujumbe wa sauti huku akipanda ngazi, akihema.

"Mama, kadi imefika! Ni kubwa, ni safi, wacha tu. Kesho Navneet anakuja tuiweke sawa. So please mama, usikuje kesho, nitakuita tukimaliza kila kitu. Nakupenda, bye!"

Hapo alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Kwa Mama Selpher, kadi hapa duniani ni za aina tatu: ya kliniki, ya kura na ya arusi. Ya kliniki watoto wake walishaivuka, na ya kura haijawahi kumfanya mtu aseme "wacha tu". Jacklyne alikuja kusimuliwa baadaye kwamba mama yake aliusikiliza ujumbe ule akiwa amesimama, kisha akausikiliza akiwa amekaa, kisha akampelekea wifi yake, Veronicah, ambaye kwa Jacklyne ni senje, yaani shangazi, na ambaye ndiye sauti kubwa kuliko zote katika kwaya ya akina mama.

"Nafuniti ni nani?" Mama Selpher aliuliza. "Ni Mkamba?"

"Sijui ni nani," Senje Veronicah alisema, "lakini kadi zimechapishwa na wewe hujui. Kesho twende."

Jacklyne hakuwa na habari. Jumamosi aliamka mapema, akapiga deki sakafu ambayo haikuwa chafu, akavaa gauni, akalivua, akavaa suruali ya kazi na blauzi nzuri ili aonekane hakujipamba. Navneet alifika amebeba kisanduku kipya cha vifaa, chekundu, kingali na kibandiko cha dukani. Akakifungua mezani kwa heshima kubwa. Ndani mlikuwa na vitu vingi vya kung'aa, lakini alichokichagua yeye kikawa kibisibisi kimoja alichokitoa mfukoni, chembamba kama njiti ya kiberiti.

Jacklyne alikitambua. Ndicho kilichokaza miwani yake. Kwa skrubu za kompyuta kilikuwa sawa na kuchimba kisima kwa kijiko, lakini mapenzi yana upofu ambao hata mpima macho hauoni, na msichana akajiambia labda ndiyo mitindo mipya.

"Nina hii ingine hapa," alisema, akichomoa bisibisi yake mfukoni. "Niliokota tu mahali."

"Hiyo itafanya," Navneet alisema, na akaonekana kushukuru.

Kompyuta ililazwa ubavu mezani, waya wa umeme ukachomolewa. Navneet alijipangusa viganja kwenye suruali, akanyoosha mikono kuiingiza ndani.

"Navneet," Jacklyne alisema haraka. "Si nilisikia mwili huwa na stima kidogo? Ati ukigusa vitu za ndani unaweza kuchoma?"

"Ee. Ndiyo. Nilikuwa nataka kusema."

"Kwa hivyo tunagusa chuma ya kasha kwanza?"

"Tunagusa chuma kwanza," alisema Navneet kwa uthabiti, akagusa chuma.

Kazi ikaendelea hivyo, mwanafunzi akimfundisha mwalimu kwa kumwuliza maswali. Navneet alizifungua skrubu za kadi ya zamani, akaishika, akaanza kuivuta. Haikutoka. Akavuta zaidi. Jasho lilimtoka Jacklyne, kwa sababu kuna kishikizo kidogo cha plastiki mwishoni mwa tundu, na mtu akivuta bila kukibonyeza ataing'oa kadi pamoja na kipande cha mazabodi, ule ubao mkubwa unaoshika vitu vyote.

"Na hako kaplastiki hapo ni ka nini?" aliuliza kwa sauti ya mtoto wa chekechea.

Navneet alichungulia. "Hako ni ka... kushikilia."

"Aaah! Sasa ukikabonyeza?"

Akakabonyeza. Kadi ya zamani ikatoka kwa sauti ya tak! na wingu la vumbi, na wote wawili wakapiga chafya kwa pamoja, wakatazamana, wakacheka. Vidole vyao vilikuwa vimeshika kadi ileile mfu. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiachia. Jacklyne akafikiri, sasa atasema. Navneet akafungua mdomo.

"Ina vumbi sana," alisema.

Haya. Wakaifungua mpya. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye feni tatu, na Navneet aliivua ile karatasi yake ya nailoni polepole. Jacklyne alijipenyeza chini ya meza kupanga waya za nyuma, nusu ya mwili wake ikiwa imeingia gizani, kengele ya mlango ilipolia.

"Fungua tu!" alipaza sauti. "Ni mtu wa maji!"

Hakuwa mtu wa maji. Kutoka chini ya meza Jacklyne aliona viatu vyeusi vya kanisani ambavyo angevitambua hata kaburini, na kando yake ndara nyeupe za Senje Veronicah. Katikati ya miguu hiyo minne kilining'inia kichwa chenye kishungi chekundu, na juu yake miguu mingine miwili, ya njano, iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Jogoo.

"Wewe ndiye Nafuniti," ilisema sauti ya Mama Selpher, na haikuwa ikiuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo," alisema Navneet, salamu ya vitabuni ambayo kijana wa Nairobi haitoi ila akiwa ameingiwa na hofu.

Jacklyne aliweza kukisia mama yake anatazama nini: anatazama kilemba, anashuka mpaka kwenye viatu, anapanda tena mpaka kwenye kilemba.

"Mama Jackie, ingia, usiwe kama unadai kodi," alisema Senje.

Mama Selpher akaingia. "Kadi iko wapi?"

Navneet alifurahi sana. Hakutarajia mama wa umri ule kupenda mambo ya kompyuta. "Iko hapo mezani, mama. Tulikuwa tu tunataka kuiweka."

"Nani amekubali iwekwe?"

"Jackie mwenyewe. Ni yeye alichagua."

"Bila kuniuliza mimi."

"Hiyo sijui, mama. Mimi niliambiwa tu ikiwa imeshanunuliwa."

"Imenunuliwa!" Senje alipiga makofi. "Hata kuchapisha hawakuchapisha. Wamechukua ya dukani!"

"Na jina langu liko?" aliuliza Mama Selpher, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua.

Navneet alifikiri kwa bidii. Alikuwa kijana mkweli. "Kuna jina la kampuni tu, mama."

Kiti kikalia. Mama Selpher alikuwa ameketi. "La kampuni," alisema polepole. "Nimemlea huyu mtoto na cherehani moja tangu baba yake atuache. Leo kadi yake ina jina la kampuni."

Chini ya meza, Jacklyne alielewa. Lilimjia lote kwa mpigo mmoja: ujumbe wa sauti, ngazi, "usikuje kesho". Mtoto mwenye adabu angetoka pale mbio, na Jacklyne alikuwa na adabu, na tayari alikuwa ameanza kurudi nyuma kwa magoti. Lakini Mama Selpher hajui kukaa na huzuni muda mrefu. Huzuni ikimzidi hutafuta kazi.

"Simama hapa kwa mwanga," alimwambia Navneet. Utepe wa kupimia ukatoka mkobani. "Suti ya dukani hutavaa mbele yangu. Hiyo nimekataa. Inua mikono."

Navneet akainua mikono. Tangu akiwa mwanafunzi alikuwa amepima watu, yeye hakuwahi kupimwa, na hakujua kwamba mtu anaweza kukataa. Utepe ukapita mabegani, ukazunguka kifua, Senje akirudia vipimo kwa sauti kama anayeongoza wimbo. "Mabega yako sawa," alitangaza. "Mgongo umenyooka. Mama Jackie, huyu tungepata mbaya zaidi."

"Sasa niambie, kijana," alisema Mama Selpher, utepe ungali shingoni mwa Navneet. "Niambie na usinidanganye. Unampenda mtoto wangu?"

Jacklyne aliacha kurudi nyuma. Lile swali! Lilelile lililomkosesha raha wiki nzima, ambalo yeye hakuthubutu hata kulinong'ona, mama yake amelitamka kama anauliza bei ya vifungo. Aibu yote ilimtoka. Alibaki pale magotini, ameshika waya, sikio kalitega. Wacha ajibu. Wakinisuta baadaye wanisute, lakini kwanza ajibu.

"Mimi..." alisema Navneet.

Jogoo akawika. Akawika kwa nguvu za jogoo aliyetolewa Dagoretti Corner akiwa kichwa chini, akajipindua, kitenge kikafunguka, akaruka. Senje alipiga yowe la sauti ya kwanza. Jogoo alitua kwenye kochi, akatoka kochini akatua kwenye pazia, pazia likamkataa, akatua mezani, na kutoka hapo, polepole, kwa maringo, akatia mguu mmoja ndani ya kompyuta iliyo wazi.

"Kadi!" Navneet aliruka, akaikumbatia kadi mpya kifuani kwa mikono miwili, akiwa bado na utepe shingoni. Jacklyne alichomoka, akajigonga kichwa kwenye meza, akaona nyota, akamkamata jogoo mkia. Manyoya yalipaa. Kwa muda mfupi kila mtu alikuwa ameshika kitu na hakuna aliyejua cha kukifanyia.

"Mama," Jacklyne alisema akihema, "ni kadi ya kompyuta!"

Mama Selpher alikitazama kile kitu cheusi kifuani mwa Navneet. "Hii?"

"Hiyo."

"Hii ndio 'ni kubwa, ni safi, wacha tu'?"

"Ndiyo, mama."

Mama Selpher alinyoosha kidole, akagusa. "Ina feni."

"Tatu, mama," Navneet alisema kwa unyenyekevu.

Senje Veronicah alianza kucheka kutoka chini tumboni, kicheko kikapanda, kikamshinda, akakalia boksi la kadi akalibonyeza kabisa. Jacklyne naye akacheka. Navneet akacheka, ingawa yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa, masikio yake yakawa mekundu chini ya kilemba. Mama Selpher peke yake hakucheka. Aliuvuta utepe kutoka shingoni mwa kijana, akaukunja, akaukunja tena.

"Kwa hivyo hakuna arusi," alisema.

"Hakuna, mama," Jacklyne alijibu, na neno hilo lilimuuma mdomoni kuliko alivyotarajia. Alimtupia jicho Navneet. Navneet alikuwa ameinama, anatoa unyoya mmoja kutoka ndani ya kompyuta kwa ncha za vidole, kana kwamba maisha yake yote yanautegemea.

Senje alijifuta machozi, akasimama. "Arusi hakuna, lakini kuku ameshafika, na kuku hajui habari za kadi. Nipe kisu."

Akina mama wakaingia jikoni, na kwa muda nyumba ikajaa sauti za masufuria na nyimbo za kwaya. Sebuleni, wawili wale waliendelea na kazi, wakiogopa kutazamana. Jacklyne alisahau kuigiza. Navneet aliiweka kadi mpya kwenye tundu lake, akaisukuma mpaka kishikizo kikaitikia, akachomeka nyaya nene za umeme zinazotoka kwenye kisanduku cha pawa, akafunga skrubu. Akachomeka na kebo ya skrini kwa nyuma. Akavuta pumzi.

"Washa," alisema.

Jacklyne akawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka nyekundu, kijani, samawati, ilikuwa arusi kamili ndani ya lile kasha. Skrini ikabaki nyeusi. Navneet alizima, akawasha. Nyeusi. Alichuchumaa akaitazama kadi, na rangi ikamtoka usoni.

"Nimeiua," alisema. "Jackie, nimeua kadi yako."

"Hujaiua."

"Nimeiua. Hata mimi sijui hizi vitu! Mimi hucheza ya kuchomeka kwa TV. Sijawahi kufungua kompyuta maisha yangu yote." Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Wiki yote nimeangalia video. Hizo vifaa nilinunua jana. Nyumbani nilisema naenda kupelekea mteja miwani. Nisamehe, kweli. Nitakununulia ingine."

Jacklyne alimtazama. Alipitisha mkono nyuma ya kompyuta bila hata kuchungulia, akaichomoa kebo ya skrini kwenye tundu la mazabodi, ambako watu wote duniani huikosea, akaichomeka kwenye tundu la kadi yenyewe. Skrini ikawaka. Iliwaka kwa rangi ambazo nyumba ile haikuwahi kuziona, mpaka mwanga wake ukapiga ukuta wa pili.

"Ulijuaje?" Navneet aliuliza.

"Niliiunda mwenyewe," alisema Jacklyne. "Yote. Kuanzia skrubu ya kwanza."

Ndio hayo. Alikuwa ameuanika moyo wake kama nguo kwenye kamba, uonwe na kila apitaye. Navneet aliitazama kompyuta, akamtazama yeye, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akavua miwani yake mwenyewe akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Akaifuta, akaifuta. Na Jacklyne akajiambia, kwa uchungu: mwanamume kudai anajua asichokijua si ushahidi wa chochote. Wote hudai.

Hakujua Mama Selpher alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu mkononi, unyoya kwenye kitambaa cha kichwa.

"Wacha nielewe," alisema. "Huyu hajui."

"Hajui, mama."

"Na wewe unajua."

"Najua."

"Na ni huyu ametoka kwao mpaka hapa kuja kukuwekea."

Mama Selpher aliwatazama wote wawili kwa zamu, kama anavyotazama vipande vya kitambaa kabla ya kuvishonea pamoja, akarudi jikoni. Na kuimba kukakoma. Yakafuata manong'ono.

Chakula kiliwekwa pale pale, mbele ya skrini mpya, kwa sababu Senje alitaka kuona hizo rangi. Ugali, mrenda, na jogoo katika mchuzi mzito. Mama Selpher hakumruhusu mtu kujipakulia. Alimpa Senje paja, akampa Jacklyne bawa, akajipa shingo. Kisha akachovya mwiko chini kabisa ya sufuria, akatafuta, akapata alichokitafuta, akakiweka katikati ya sahani ya Navneet, peke yake.

Ilikuwa firigisi. Imondo, kwa lugha ya kwao. Jacklyne alihisi damu yote ikimpanda usoni. Mama yake alikuwa ameshauliza mara moja kwa mdomo na jogoo akamkatiza. Hangeuliza tena. Alikuwa amepakua.

"Hii ni nini?" aliuliza Navneet kwa adabu.

Jacklyne alitaka sakafu ipasuke. Senje ndiye aliyejibu, mdomo ukiwa na ugali. "Hiyo ni imondo. Kwetu mgeni hapewi, na mpita njia hapewi. Anapewa mwanaume wa hiyo nyumba. Ukikula, umeshasema. Ukiacha, pia umeshasema."

Navneet aliitazama firigisi. Jacklyne alimtazama Navneet. Jikoni, bomba lilikuwa likidondosha maji, na hakuna aliyekwenda kulifunga.

"Mama," alisema Navneet hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mimi sikuli nyama. Kwetu nyumbani hatukuli, tangu nizaliwe."

Basi. Yamekwisha. Jacklyne aliinamisha kichwa, akaanza kukanda tonge la ugali ambalo hakuwa na nia ya kulila. Mama Selpher alitikisa kichwa taratibu, bila hasira. Alikuwa ameuliza, amejibiwa.

"Hakuna neno," alisema Senje Veronicah, na hapa ikumbukwe kwamba zamani wanawake wa kwao hawakuruhusiwa hata kuionja, na kwamba yeye alikuwa ameitamani imondo tangu akiwa mtoto wa kubeba maji. Mkono wake tayari ulikuwa umevuka meza. "Leta basi nikule mimi, isiharibike."

Navneet aliifunika sahani kwa viganja vyote viwili.

"Hapana, Senje," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Masikio yake yalikuwa yanawaka, lakini sauti haikuwa ndogo tena. "Kukula sikuli. Lakini sipeani. Hii ni yangu."

Mkono wa Senje ulibaki hewani. Halafu, kwa kuwa ulikuwa hauna kitu cha kushika, akaupeleka mdomoni, akapiga kigelegele ambacho majirani wa ghorofa ya juu walikitokea kwenye roshani. Mama Selpher akaitikia, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Jacklyne alicheka mpaka pumzi zikamwishia, akanyanyua kiti chake, akakiburuta akakizungusha meza yote mpaka ubavuni kwa Navneet, mbele ya mama yake, mbele ya senje yake, bila kumwomba mtu ruhusa, akaketi.